Wanawake Watatu, Vichupa Viwili

Siku ya kumi na mbili, Inspekta alifika hospitalini saa nne asubuhi akiwa na faili la karatasi kumi na moja na magoti mawili yasiyosikilizana. Kituoni walimwita Mama Faili. Alikuwa na miaka hamsini na saba, amebakiza mitatu astaafu, na hiyo mitatu aliiona ndefu kuliko yote thelathini iliyotangulia.

Karatasi ya juu ilikuwa barua ya kamati ya hospitali. Ilikuwa na mistari minne tu. Mama wa miaka ishirini na sita, mwenye afya njema, aliletwa kujifungua kwa upasuaji. Alichomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, ganzi ikapanda kupita kiasi, moyo ukasimama. Mtoto aliokolewa. Hili, kamati iliandika, ni tatizo linalojulikana kitaalamu na halikuwa kosa la mtu yeyote.

Mkubwa wake wa kazi aliisoma barua hiyo mara moja tu.

"Kama hakuna kosa la mtu, sisi tunatafuta nini huko?" aliuliza. "Nakupa mpaka leo jioni. Funga faili, mama. Tuna kesi zenye wezi."

Inspekta asingebisha. Alikuwa amechoka na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, amechoka kupanda ngazi. Kilichomshinda ni yule mume. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipitia kituoni, akakaa kwenye benchi, hapigi kelele, hatishii mtu. Swali lake lilikuwa moja: mke wangu aliingia mle ndani kwa miguu yake mwenyewe, amekufaje? Mpiga kelele unaweza kumfukuza. Huyu hakuna aliyejua amfanyeje.

"Leo yuko hapa hapa," alisema Koplo, akielekeza kwa kidevu. Koplo alikuwa mtu mnene, msaidizi wake kwa miaka tisa, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kuona kiti kabla ya mtu mwingine. "Wamemleta mtoto kupimwa uzito."

Mume alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya watoto pamoja na mama mkwe wake. Bibi alimpakata mjukuu, amemfunika mpaka inaonekana pua tu. Mume aliinuka.

"Shikamoo, mama Inspekta. Nasikia faili linafungwa leo."

"Marahaba, baba. Ni kweli, leo jioni."

"Nitaambiwa nini?"

"Nikijua, nitakuambia."

"Hata kama ni kibaya?"

"Hata kama ni kibaya."

Bibi hakuinua macho. Alisema tu, akimwambia mtoto zaidi kuliko mtu mzima yeyote, kwamba hata huyu siku moja atauliza.

Nje ya chumba cha upasuaji, kwenye benchi la mbao, alikaa mwanamke mwenye tumbo kubwa na futi ya kushonea shingoni. Alikuwa fundi cherehani. Uchungu ulimkuta kazini, akasahau kuivua. Wifi yake alimshikia mfuko wa nguo za mtoto.

"Mtoto kakaa vibaya, ametanguliza matako," fundi cherehani alimweleza Inspekta bila kuulizwa, kama watu waoga wanavyofanya. "Wamesema saa nane napasuliwa. Mama, eti huyu wa kuchoma sindano ndiye yule yule aliyemuua mwenzetu?"

"Nani kakuambia kauawa?"

"Wodi nzima inasema."

"Ndiye peke yake aliyepo," wifi akadakia. "Mwingine yuko safari ya saa tatu kutoka hapa. Tumeuliza."

Inspekta aliingia ndani.

*

Mchoma sindano waliyemsema alikuwa kwenye chumba cha chai cha wafanyakazi. Akina mama wenyewe ndio waliompa jina la Bwana Ganzi, na baada ya miaka ishirini na sita kazini, hata mkurugenzi alimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, sare ya kijani imempwaya, macho mekundu ya mtu aliyekesha.

"Nieleze tena," Inspekta alisema.

"Hii mara ya nne."

"Ya tano. Mimi nasahau, wewe unakumbuka. Tusaidiane."

Bwana Ganzi alieleza bila kuinua sauti. Kwanza dripu, maji yaingie mwilini, maana ganzi ikishashika presha hushuka. Mama anakaa, anakumbatia mto, anainama. Sindano iwe nyembamba kuliko zote, kwa sababu ile nene huacha tundu, na tundu huleta maumivu ya kichwa yasiyoisha kwa wiki nzima. Akishalala, shuka lililokunjwa linawekwa chini ya nyonga ya kulia ili aegemee kushoto na mtoto asikandamize mshipa mkubwa. Presha inapimwa kila dakika. Mwisho ni pamba ya spiriti. Unaipitisha kutoka pajani kwenda juu, unamuuliza, baridi unaisikia? Anapoanza kuisikia ndipo ganzi ilipoishia.

"Ukifuata yote hayo, wanakufa wangapi?"

"Kwangu mimi hakuna. Miaka ishirini na sita." Alitazama mikono yake. "Alikuwa hakuna."

"Na ganzi ikipanda sana, mtu anakuwaje?"

"Mikono inalegea. Sauti inakwisha, ananong'ona. Analalamika hapati pumzi. Presha inaporomoka. Anazimika kama taa iliyoishiwa mafuta."

"Anaumwa?"

"Aumwe na nini, mama? Hasikii kitu."

Inspekta aliliandika hilo neno kwa neno. Koplo, kwa upande wake, alikuwa amefungua kabati la Bwana Ganzi na kutoa chupa ya chai. Ndugu wa marehemu walikuwa wamesema tangu siku ya kwanza kwamba mzee huyu ni mlevi. Koplo alifungua kifuniko akanusa kwa matumaini makubwa. Ilikuwa chai ya rangi, tena imepoa.

"Nakunywa hiyo nisisinzie," Bwana Ganzi alisema. "Siku ile nilikuwa kazini tangu jana yake asubuhi. Andika na hilo."

"Limeandikwa. Hii karatasi ya usingizi, ya kuandikia presha na ganzi ya mgonjwa, uliijaza saa ngapi?"

"Baadaye. Mtu anakufa, hukai ukajaza karatasi. Walipomfunika, nilikaa sakafuni nikajaza."

"Umeandika presha themanini kwa arobaini. Umeandika ganzi ilifika shingoni. Uliyakumbuka?"

Bwana Ganzi aliisogeza karatasi mbali naye.

"Mkono ulijaza wenyewe," alisema. "Mama, tusizungushane. Andika nilizidisha dawa. Nitatia sahihi."

"Ulizidisha?"

"Lazima nilizidisha. La sivyo ingepandaje?"

"Mimi siandiki 'lazima'," Inspekta alisema, akafunga faili. Alimwonea huruma, na ilimkera, kwa sababu huruma haikuwamo kwenye kazi aliyotumwa.

*

Mkunga aliyekuwepo siku ile walimkuta kwenye sinki la wodini, anasugua mikono mpaka viwiko. Jina lake halikuwamo hata kwenye karatasi moja kati ya zile kumi na moja.

"Kamati haikukuhoji?"

"Waliita madaktari na Sista wa thieta, msimamizi wa chumba cha upasuaji. Mimi nani? Mimi wa kushika mabega tu."

"Basi nionyeshe ulivyoshika."

Mkunga alimtazama Koplo, akamkalisha kwenye stuli, akamkumbatisha faili kama mto na kumkandamiza mabega chini. Koplo alitii. Kukaa hakukumsumbua.

"Hivi. Uso wake uko hapa kifuani kwangu. Bwana Ganzi yuko nyuma yake. Sindano ilipotoka tu, hata hatujamlaza, akaniambia, dada, matako yanawaka moto. Nikamwambia ni dawa, itapoa. Akasema inashuka miguuni, inaniunguza. Halafu miguu ikaanza kuruka."

"Kutetemeka?"

"Kutetemeka nakujua, wote wanatetemeka, mle ndani baridi. Hii iliruka. Alimpiga teke Sista, trei ya pamba ikaanguka."

"Alisema hapati pumzi?"

"Pumzi alikuwa nayo tele. Alipiga kelele mpaka wodi ya pili walisikia."

Inspekta alifungua tena kijitabu chake, akasoma maneno ya Bwana Ganzi. Ananong'ona. Hasikii kitu.

"Pamba ya spiriti ilipitishwa?"

"Kwa mtu anayeruka hivyo? Mwili mzima ukaingia degedege. Bwana Ganzi akampa nusukaputi haraka, daktari akakata, mtoto akatoka mzima. Kisha mashine ikaanza kulia. Tuliukandamiza moyo ule kwa dakika arobaini, mama. Arobaini." Mkunga alifunga bomba. "Mikono iliniuma siku tatu."

"Presha ilikuwa imeshuka kiasi gani?"

"Imeshuka? Nani kasema ilishuka?"

Alichomoa daftari dogo mfukoni mwa aproni. Ndani ya jalada kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu. 188. 196. 204.

"Nikiwa nimeshika mtu sina pa kuandikia. Nabandika plasta kwenye paja, naandika hapo, baadaye nahamishia kwenye karatasi. Siku ile karatasi ilikuwa imeshajazwa."

"Na hukuitupa."

"Kila nikiiona nasema nitaitupa kesho."

Inspekta aliiomba, akaiweka kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Kwenye ngazi alisimama ili magoti yapumzike. Koplo alishukuru, akaegemea ukuta.

"Basi mmoja wao anadanganya," Koplo alisema.

"Hakuna anayedanganya. Mkunga anaeleza alichokiona. Yule mzee anaeleza anachokijua. Alijaza karatasi jinsi ganzi inavyoua, kwa sababu hakuwa na jina lingine la kifo kile." Alishuka ngazi moja, akasimama tena. "Wewe, ganzi ikikuingia miguuni, unaweza kumpiga mtu teke?"

"Mguu wangu ukifa ganzi hata kusimama siwezi."

"Basi yule mama hakuwa na ganzi. Si kwamba ilizidi. Haikuwepo kabisa."

"Lakini alichomwa. Watu wanne waliona."

"Waliona sindano. Nataka mtu aliyeona dawa."

*

Famasi ya hospitali ilikuwa na dirisha la nondo, na nyuma yake mfamasia aliyefunga miwani kwa kamba ili asiipoteze. Kwenye rafu zake hakuna sanduku lililokaa upande.

"Hapa hapapotei hata kizibo," alisema kabla hajaulizwa. "Zamani dawa zilikuwa zinatoka mlango wa nyuma. Tangu niweke utaratibu wangu, hakuna."

"Tuambie utaratibu."

Alieleza kwa furaha, kama mtu aliyengoja miaka yote aulizwe. Kila asubuhi anaipa thieta vichupa vitano vya dawa ya ganzi ya mgongoni na vitano vya dawa ya kukata damu. Ni vichupa vya kioo, vya kuvunjwa shingo. Jioni vyote vinarudi, vizima na vilivyovunjwa. Jumla lazima iwe tano na tano. Ikitimia, anatia sahihi, na kesho yake anatoa vingine. Kisipotimia kimoja, hatoi kitu mpaka kipatikane.

"Siku aliyokufa yule mama, vilitimia?"

Mfamasia aliligeuza daftari liwaelekee, akaweka kidole. Dawa ya ganzi: vizima vitatu, vilivyovunjwa viwili. Dawa ya kukata damu: vizima vitatu, vilivyovunjwa viwili. Pembeni palikuwa na neno Sawa na sahihi yenye mkia mrefu.

Inspekta aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha alitoa karatasi ya nne kwenye faili, orodha ya wagonjwa wa siku ile.

"Kichupa kimoja cha ganzi kinatosha wanawake wangapi?"

"Mmoja. Hata kikibaki nusu kinatupwa. Kugawana ni mwiko."

"Siku ile walipasuliwa wangapi?"

"Hilo la thieta, si langu."

"Walipasuliwa watatu. Wote kwa sindano ya mgongo." Inspekta aliiweka orodha juu ya daftari. "Wanawake watatu, na wewe umerudishiwa vichupa viwili vilivyovunjwa."

Mfamasia alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani.

"Na dawa ya kukata damu," Inspekta aliendelea. "Hapa imeandikwa aliyetokwa na damu alikuwa mmoja, mama wa pili. Sista alimpa kichupa kimoja, mshipani. Cha pili kilivunjwa kwa ajili ya nani?"

Mfamasia aliivaa tena miwani. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na vichupa viwili, akaviweka juu ya meza kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya kioo cheupe, kimo kimoja, maandishi ya bluu. Koplo aliinama akavitazama, akakiri hata akipewa siku nzima angevichanganya.

"Zamani cha ganzi kilikuwa kinene zaidi," mfamasia alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi uliopita walibadilisha."

"Hii ya damu ikichomwa mgongoni inafanya nini?"

"Mshipani inaokoa watu. Mgongoni ni sumu. Inachoma neva. Maumivu ya moto, miguu kurukaruka, degedege, presha juu. Mara nyingi..." Alivitenganisha vile vichupa viwili. "Lakini mimi natoa masanduku mawili tofauti! Na jumla ilikuwa tano!"

"Ilikuwa tano. Ulikuwa unahesabu ili mtu asiibe, na hakuna aliyeiba."

Koplo alikuwa ametazama saa ya ukutani. "Mama," alisema. "Saa nane kasoro dakika sita. Yule fundi cherehani."

Inspekta hakuwa amekimbia tangu mtoto wake wa mwisho aanze shule. Alikimbia sasa, faili kwapani, magoti yakimlaani katika kila ngazi. Benchi la mbao lilikuwa tupu. Wifi alikuwa amesimama peke yake, ameshika futi ya kushonea kwa mikono miwili.

*

Sakafuni palikuwa na mstari mwekundu, na juu ya mstari alisimama Sista wa thieta.

"Viatu!"

"Sista, nipishe, kuna mtu—"

"Hata angekuwa waziri. Viatu!"

Inspekta aliviacha palepale. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na kidole chote kilikuwa nje. Alivaa joho la kijani lililotundikwa, akafunga barakoa, akapita, Sista akimfuata nyuma. Koplo alibaki mstarini akilinda viatu.

Ndani palikuwa na baridi kama Mkunga alivyosema. Fundi cherehani alikaa kitandani, amekumbatia mto, uso kifuani mwa Mkunga. Daktari mpasuaji alisimama pembeni, mikono imeoshwa na kuinuliwa. Bwana Ganzi alikuwa kwenye meza ya magurudumu. Mbele yake trei ya chuma ilikuwa na vichupa kumi, vimetolewa kwenye masanduku na kupangwa safu moja. Alikuwa ameshachukua kimoja, kidole gumba kiko shingoni mwa kichupa, macho yako kwenye mgongo wa mama. Alikuwa anamwambia asiogope.

"Mzee, usivunje," Inspekta alisema.

Wote waligeuka.

"Umeshika nini?"

"Dawa ya ganzi."

"Umeisoma?"

"Mama, miaka ishirini na sita nashika—"

"Nisomee."

Bwana Ganzi alikiinua kichupa kwenye mwanga, akasogeza miwani, akasoma. Ilikuwa dawa ya ganzi, ndiyo yenyewe. Sista alivuta pumzi kwa kishindo ili asikiwe.

"Sasa kilichokuwa pembeni yake," Inspekta alisema.

Alikichukua, akasoma, midomo ikicheza bila sauti. Akasoma mara ya pili. Kisha akashusha macho kwenye trei, akapitia vyote kimoja baada ya kingine mpaka mwisho wa safu.

"Dawa ya damu imefikaje hapa? Hii inakaa kabatini."

"Niliihamisha mimi," Sista alisema. "Kuna mama mwingine alitokwa na damu, tukatafuta ufunguo wa kabati dakika saba. Daktari alinifokea mbele ya watu. Nikasema haitakaa mbali tena, itakaa karibu na mkono wako. Nilitaka kusaidia."

"Lini?" Inspekta aliuliza.

"Siku mbili kabla ya..." Sista alishika mdomo juu ya barakoa.

Bwana Ganzi alimgeukia Mkunga. "Miguu yake."

"Iliruka, mzee. Nilikuambia palepale inaruka."

"Na presha."

"Ilipanda."

Mzee alikaa kwenye stuli kama aliyesukumwa. Alivitazama vidole vyake, akavifunga, akavifungua. "Sikusoma," alisema. "Nilinyoosha tu mkono."

"Kuna nini?" fundi cherehani aliuliza kutoka kwenye mto. "Mbona mmenyamaza? Jamani, kuna nini?"

"Moyo wa mtoto unashuka," daktari mpasuaji alisema. "Tuanze sasa hivi ama tumpoteze. Kuna mwingine wa kuchoma?"

Hapakuwa na mwingine, na kila mtu mle ndani alilijua hilo. Inspekta alikuwa na sababu zote za kumtoa mzee yule nje akiwa mtuhumiwa. Alimtazama, akautazama mgongo wa yule mwanamke uliopakwa dawa ukingoja.

"Mzee, simama."

"Siwezi. Kwa mikono hii hii?"

"Kwa mikono hiyo hiyo. Lakini leo utasoma kwa sauti. Mkunga atasoma. Halafu mimi nisiyejua kitu nitasoma. Tukisema watatu neno moja, ndipo utavunja."

Sista, bila kuambiwa, aliokota vile vichupa vitano vya dawa ya damu, akavitia kwenye bakuli, akavitoa nje ya chumba kwa mikono miwili.

Bwana Ganzi alisimama. Alisoma, sauti ikikwaruza. Mkunga alisoma juu ya bega la mama. Inspekta alisoma mwisho, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza, wala hakuona aibu. Shingo ya kichupa ikakatika. Mikono ya mzee ilifika mgongoni, sindano ikaingia mara moja.

Walimlaza, wakamwekea shuka chini ya nyonga ya kulia.

"Miguu inasemaje?" Bwana Ganzi aliuliza.

"Inakuwa mizito. Inapata joto."

Mkunga na Inspekta walitazamana.

"Joto la kuunguza?"

"Hapana, baba. Joto zuri tu, kama maji ya kuoga."

Alipitisha pamba ya spiriti. Pajani baridi haikusikika, kitovuni haikusikika. Karibu na matiti mama akasema hapo ndiyo, naisikia. Inspekta aligundua alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa nguvu mpaka vidole vimekufa. Presha ilishuka kidogo, kama mzee alivyosema hushuka, naye akairudisha kwa dripu na dawa nyingine, ambayo pia waliisoma watatu. Daktari akakata.

*

Mtoto alilia saa nane na dakika ishirini na nne. Inspekta aliandika saa hiyo kwenye faili ingawa haikuhitajika.

Bwana Ganzi hakutoka mpaka uzi wa mwisho ulipofungwa. Alipotoka aliomba ile karatasi ya usingizi ya siku kumi na mbili zilizopita. Aliiweka ukutani, akapiga mstari juu ya themanini kwa arobaini, akapiga mstari juu ya ganzi ilifika shingoni, na chini yake akaandika alichokifanya, kwa maneno manne. Akatia sahihi. Sista alikuja nyuma yake, akaomba kalamu, naye akaandika la kwake.

"Mazoea yana taabu," Koplo alisema polepole. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amesimama penye viti. Mkono wake ulikwenda kiunoni kwenye pingu, akamtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa.

Fundi cherehani alipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, mtoto kifuani, wifi anakimbia kando huku analia na kucheka. Alipomwona mzee alinyoosha mkono akamshika joho.

"Baba, nilikuogopa bure," alisema.

Bwana Ganzi alimpigapiga mkono taratibu, akangoja kitanda kipite kona.

"Mkubwa anangoja faili lililofungwa," Koplo alisema.

"Atangoja." Inspekta alikuwa anahangaika kuvaa viatu. "Mzee, utakwenda nasi kituoni. Lakini kwanza kuna mtu nilimwahidi jibu."

"Niache nimjibu mimi," Bwana Ganzi alisema. "Nakuomba. Asilipate kwenye karatasi."

Inspekta alifikiria taratibu, akafikiria bibi na mjukuu, akakubali kwa kichwa. Walimfuata kwa hatua chache nyuma, yeye na Koplo, kupitia korido ndefu ya kliniki ya watoto. Foleni ilikuwa imekwisha. Bibi alikuwa dirishani akichukua kadi ya mtoto. Mume alikuwa peke yake kwenye benchi, mwanawe mikononi, anamfunika upya ambapo hapakuwa pamefunuka.

Hakuwahi kumwona Bwana Ganzi bila barakoa. Alichoona ni mzee wa sare ya kijani amesimama mbele yake, macho mekundu, mkono mmoja ameuegemeza kwenye benchi. Mume alimhamishia mtoto mkono wa kushoto, akasogea mpaka mwisho wa benchi.

"Karibu, mzee," alisema. "Kaa hapa."